Kukata na kupanda upya miti ya barabarani Kigoma Ujiji: maswali tunayoulizwa kila siku

Nimeyaandika haya kwa sababu nimechoka kujibu swali lile lile asubuhi dukani, mchana kijiweni na usiku kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Nipo kwenye kamati ya mazingira ya mtaa wetu huku upande wa Ujiji. Sio afisa misitu wala mhandisi, ila nimebeba madumu ya kutosha na nimetukanwa vya kutosha, kwa hiyo ninachojua nakijua kwa mikono. Kama swali lako halipo, uliza ofisi ya mtaa, ukikuta nimekosea niambie nitarekebisha.

## Ya mwanzo kabisa

Kwa nini mnakata miti mizuri ambayo imetulea?

Mingi imezeeka, ndo sababu. Miembe ya huku ni mizee sana, Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kabla ya kuvuka ziwa na miembe ilipandwa njia nzima, ukitoka hapa mpaka Tabora unaikuta. Mwembe unaishi miaka mingi ila hauishi milele, unaoza kuanzia ndani huku nje unaonekana mzima, afu siku mvua za kwanza zinapoingia na ule upepo wake wa mwezi wa kumi na kumi na moja, tawi linashuka juu ya bajaji.

Sababu nyingine ni kazi za barabara na mitaro, na miti iliyopandwa pasipofaa toka mwanzo, mfano chini ya nyaya za umeme. Kwa hiyo hatukati kwa sababu tunapenda sauti ya chenso, ule msumeno wa mashine.

Mti wa barabarani ni wa nani, wangu au wa serikali?

Ukiwa ndani ya hifadhi ya barabara, yaani lile eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, ni wa umma, hata kama babu yako ndo aliupanda na wewe ndo uliumwagilia. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS, hizi zetu za mitaani ni TARURA, ambao walianza kazi 2017. Wengi wanachanganyikiwa hapa kwa sababu Sheria ya Barabara ya 2007 ilitanua hifadhi ya zile barabara kubwa kutoka mita 22.5 mpaka mita 30 kila upande ukipima toka katikati, kwa hiyo kuna mti zamani ulikuwa uani kwa mtu na leo unahesabika uko barabarani bila kusogea hata hatua moja.

Ukiwa huna uhakika usipime kwa hatua za miguu ukaanza kukata. Anza kwa mtendaji wa mtaa, yeye atakuelekeza kama ni suala la halmashauri, TARURA au TANROADS.

Mnajuaje umeoza wakati majani yote ya kijani?

Majani yanadanganya. Maji na chakula cha mti vinapita sehemu ya nje ya shina, kwa hiyo mti unaweza kuwa na tundu katikati kama mzinga na bado ukazaa maembe ya kujaza tenga. Angalia chini: uyoga mgumu ulioota kama sahani shinani, udongo uliopasuka upande mmoja wa mizizi, mti ulioanza kuinama mwaka huu na sio ule ulioinama tangu tuko wadogo. Angalia na juu, matawi ya kileleni yakianza kukauka yenyewe kuna shida kwenye mizizi. Afu gonga shina kwa nyundo au hata kwa jiwe, zima linajibu ti, bovu linajibu kama ngoma.

Mara nyingi chanzo ni sisi wenyewe. Mizizi mingi ya mti haiendi chini sana kama watu wanavyodhani, inatambaa kwenye udongo wa juu kama nusu mita hivi, na inaenda mbali kupita kivuli chenyewe. Fundi akichimba mtaro wa bomba mita moja toka kwenye shina, amekata upande mzima. Mti hauanguki siku hiyo, unaanguka baada ya miaka mitatu na hakuna anayekumbuka lile bomba.

Si mpunguze tu matawi?

Inapowezekana ndo tunafanya hivo, na ni rahisi kuliko kukata. Ila kuna kupunguza na kuna kuua taratibu. Kukata kichwa chote mti ubaki kama nguzo ni kuua: machipukizi yanayoota pale yanashikilia juu juu tu na yakinenepa ndo yanakatika. Tawi kubwa linakatwa kwa hatua tatu, kwanza msumeno unaingia kwa chini kidogo mbali na shina, pili unakata kwa juu lishuke, tatu ndo unasafisha kile kipande kilichobaki ukiacha ule uvimbe pale tawi linapoungana na shina. Ukikosea ya kwanza tawi linashuka na ganda la mti mpaka chini. Hakuna haja ya kupaka rangi wala oili chafu kwenye kidonda.

Na ile chokaa nyeupe shinani?

Inapendeza kiongozi akipita. Kwa mti mzee haina kazi ya maana.

## Taarifa kwa wakazi

Mbona mimi sikuambiwa?

Hili ndo swali namba moja na nalijibu kwa aibu, maana mara ya kwanza tulikosea sisi. Tulitangaza kwenye mkutano wa mtaa, tukabandika karatasi ofisini, tukaona tumemaliza. Siku ya kukata mafundi walikuja alfajiri kukwepa magari. Saa kumi na mbili na nusu akafika mama mmoja anayeuza migebuka ya kukaanga chini ya ule mwembe, ana ndoo ya samaki kichwani na mtoto mgongoni, anakuta benchi lake limejaa unga wa msumeno na mahali pa jiko lake limelala gogo. Hakupiga kelele. Aliweka ndoo chini, akaanza kufuta benchi kwa kanga, akauliza, "Sasa leo nikae wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Anakaa mtaa wa pili, mkutano wetu haumhusu, karatasi ya ofisini angeionea wapi.

Tangu hapo tunaanza na watu wanaokaa chini ya mti kabla ya wenye nyumba. Bodaboda wa kijiwe, mama ntilie, fundi cherehani, fundi baiskeli, wazee wa bao. Hao wanaambiwa kwa mdomo, ana kwa ana, siku kumi na nne kabla na tena siku mbili kabla. Wenye nyumba zinazotazamana na mti wanagongewa mlango. Baada ya hapo ndo mkutano, ndo tangazo baada ya swala ya Ijumaa na kanisani Jumapili, ndo grupu la WhatsApp. Grupu tumeliweka mwisho kwa makusudi, ukitupia tangazo pale saa tatu usiku, saa tatu na robo limeshafunikwa na picha za mpira na salamu za birthday.

Tangazo linatakiwa liseme nini?

Mti upi kwa kuutaja watu waujue ("mwembe wa kijiwe cha boda mbele ya duka la vocha", sio "mti namba 7"), unakatwa kwa nini, tarehe na saa, nani anakata, njia itafungwa muda gani, kuni zinaenda wapi, utapandwa mti gani na lini, na jina na namba ya mtu mmoja wa kumuuliza. Mmoja tu. Ukiandika "wasiliana na kamati" kila mtu anamtegea mwenzake apokee simu.

Na kwenye mti wenyewe tunafunga kitambaa chekundu wiki mbili kabla. Hiki kitambaa kimefanya kazi kuliko karatasi zote, watu wanakiona wanauliza wenyewe.

Nikikataa, mtaacha?

Inategemea na sababu ya kukata. Kama mti ni hatari, hapana, tutakusikiliza ila utakatwa. Kama ni wa kupisha mtaro au ni suala la "umezeeka kidogo", sema mapema, maana kuna mara mtaro umepindishwa na mti ukabaki. Sema ukiwa na hoja: picha, mahali pa mtaro, nani anautegemea. "Mimi sitaki" peke yake haisaidii. Na useme ndani ya zile siku kumi na nne, sio chenso imeshawaka.

Mimi mpangaji tu, nahesabika?

Unahesabika. Mwenye nyumba yuko Dar, jua la saa nane linakuchoma wewe.

## Siku ya kukata

Kuni ni za nani? Nimeona mtu anapakia kwenye guta.

Mti wa umma ukikatwa, magogo yake pia ni ya umma, halmashauri ndo inaamua na inabidi ijulikane kabla ya siku yenyewe. Tunachoomba sisi kila mara ni vitu viwili: magogo manene yaende shule au zahanati ya karibu kwa kuni au mabenchi, na matawi membamba wachukue majirani, kwanza wale waliokuwa wanautumia huo mti. Isipoamuliwa mapema ndo unaona wenye guta na panga wanamaliza kila kitu ndani ya nusu saa, afu lawama inarudi kwenye kamati kwamba tumeuza.

Umeme utakatwa?

Kama matawi yako karibu na nyaya lazima TANESCO wahusike na laini izimwe, hapa hakuna "fundi wangu mzoefu". Mti mbichi unapitisha umeme. Chaji simu jana yake.

Kisiki mnakiacha kwa nini?

Kwa sababu kukitoa ni kazi ya sururu siku mbili na mara nyingi kuna bomba la maji limepita katikati ya mizizi. Tunakikata usawa wa ardhi mtu asijikwae usiku. Tafadhali msikichome moto, moto unatembea ndani ya mizizi mikavu siku kadhaa na unaweza kutokea mahali hukutegemea.

## Mti mpya

Mtapanda mti gani? Tunataka mwembe.

Najua, kila mkutano ni mwembe. Na mwembe ni mti mzuri wa barabarani pakiwa na nafasi: unahitaji kama mita kumi toka mti hadi mti, usiwe chini ya nyaya na usiwe umebanwa kati ya mtaro na ukuta. Penye nafasi tunapanda. Tunapendelea wa kuunganishwa, unazaa mapema, miaka mitatu au minne, wakati wa mbegu unaweza kusubiri mara mbili ya hapo. Ila wa mbegu ndo unakuwa mkubwa wenye kivuli cha wazee kwa hiyo kwa vijiwe tunachanganya.

Pembamba tunapanda mti mwavuli, ule wenye matawi ya ghorofa ghorofa, unakua haraka na kivuli chake ni chepesi. Mwarobaini unavumilia kiangazi na mbuzi hawaupendi sana, tatizo unajiotesha hovyo. Mjohoro unakua haraka mno lakini matawi yake yanavunjika. Mkrismasi unapendeza Desemba ukiwa mwekundu wote, ila mizizi yake inainua vigae na sakafu, weka uwanjani usiweke mbele ya duka. Mwashoki ule mrefu kama mshumaa hautupi kivuli, huo ni pambo la getini. Mkuyu na jamaa zake wanaobomoa kuta, hapana. Mkaratusi pia hapana, sio mtaani.

Mchikichi? Nimeulizwa na zaidi ya watu watatu, wanasema Kigoma ni mawese. Kweli, lakini makuti yake yana miiba na mkungu wa ngazi, yaani matunda yake, ukikuangukia hutasimulia. Shambani tafadhali.

Kwa nini hampandi Aprili 1 siku ya taifa ya kupanda miti?

Tunapanda michache siku hiyo kwa heshima. Lakini angalia mvua zetu: zinaanza mwisho wa Oktoba au Novemba, zinaisha Aprili au Mei mwanzoni. Mche wa Aprili unapata mwezi mmoja wa mvua afu kiangazi mpaka Oktoba, wakati mche wa Desemba umepata miezi minne ya kushusha mizizi. Ile tarehe inawafaa wenzetu ambao masika yao ndo yanashika kasi. Kwa huku, na Tabora hivo hivo, ukitaka picha panda Aprili, ukitaka mti panda Desemba.

Mbona hamkupanda pale pale ulipokuwa ule wa zamani?

Pale chini kumejaa mizizi inayooza, na ugonjwa ulioua wa kwanza unaweza kuwa bado upo. Tunasogea mita moja au mbili. Ukiona tumesogea zaidi ya hapo, kuna bomba.

Miche mingi inakufa, shida nini?

Kwanza kiriba. Tuliwahi kufukua mche uliokauka miezi mitano baada ya kupandwa, tukakuta ule mfuko mweusi bado upo, mizizi imejizungusha ndani kama uzi kwenye kibini cha cherehani. Aliyepanda aliogopa udongo usimwagike. Kiriba kinachanwa chote na kinatolewa, mizizi ikiwa imezunguka unaifumua kwa vidole.

Pili shimo dogo. Sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu upande mmoja, wa chini upande mwingine, ule wa juu uuchanganye na samadi iliyoiva ndo urudi kwanza. Mche ukae kina kile kile ulichokuwa nacho kwenye kiriba, usizikwe shingo.

Tatu mchwa. Watu wanarundika nyasi kavu mpaka zinagusa shina, hiyo ni kumwandalia mchwa kitanda. Matandazo yaanze mbali kidogo na shina, upana wa kiganja hivi. Majivu yanasaidia ila mvua ikinyesha unaweka tena.

Nne mbuzi. Uzio wa fito au matete, kimo cha kifua, bila hivo usijisumbue. Mwenye mbuzi anajulikana na yeye anajijua.

Tano maji, soma swali linalofuata.

Nani anamwagilia?

Wewe uliye mbele yake. Hakuna gari la maji litakalokuja, na kila mtaa uliosubiri gari una miti mikavu. Kila mche una jina la mtu kwenye daftari la kamati, na mtu huyo aliulizwa akakubali kabla shimo halijachimbwa. Asipopatikana wa kukubali hatupandi hapo, tunahamia nyumba nyingine, hata kama panapendeza.

Kipimo ni dumu moja la lita 20 mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, limwagwe polepole jioni. Juni mpaka Septemba ni kama wiki 17, kwa hiyo madumu 34. Kiangazi cha pili tena hivo hivo. Baada ya hapo mti unajitafutia. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa kama hayana sabuni nyingi, ya kufulia yenye jiki hapana.

Kivuli tutakiona lini?

Mti mwavuli ukitunzwa, miaka minne au mitano benchi linaingia chini. Mwembe subiri zaidi. Kwa sasa kijiweni tumeweka turubai na yule mama wa migebuka amehamia upande wa pili wa barabara, biashara yake bado haijarudi kama zamani na sitaki kudanganya.

## Kesi ngumu ngumu

Kuna nyuki ndani ya mti.

Simamisheni kila kitu. Msichome, msimwage mafuta ya taa. Mwambieni afisa nyuki wa halmashauri au mfugaji, mkoa huu hawakosekani. Wanakuja jioni na moshi na mzinga mtupu, malkia akihamishwa salama wengine wanamfuata. Kazi ya kukata inasogezwa siku mbili tatu, na hilo nalo litangazwe upya, kitambaa kibaki.

Wazee wanasema mti huu hauguswi.

Hatubishani nao mbele za watu. Tunawaendea nyumbani, tunawaonyesha ule uyoga na mpasuko, tunauliza kifanyike nini kwanza, na kinafanyika. Kitu kimoja kimesaidia sana: kuchukua mbegu au kikonyo cha mti ule ule na kuotesha mapema, ili unapokatwa mtoto wake awe tayari. Sio jambo geni hapa. Ule mwembe wa pale walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871 ulishakufa zamani, iliyosimama leo inasemwa ni vizazi vyake, na mgeni akija anaonyeshwa hiyo hiyo na anaridhika.

Mti umeanguka usiku, nimpigie nani?

Mtu amenaswa au kuna moto, 114 zimamoto. Nyaya zimeanguka, kaa mbali na zuia watoto kabla ya kupiga simu yoyote, afu TANESCO. Umeangukia njia tu, mwenyekiti wa mtaa, hata saa nane usiku, ndo kazi aliyoiomba.

Mche wa mbele yangu umekufa, nitatozwa faini?

Hapana. Sema tu. Tunachotaka ni kujua umekufa mwezi gani na kwa nini, ili tupande mwingine mvua zikianza. Wengine wanaogopa wanachomeka tawi bichi la mjohoro tupite tukione kijani. Tumeliona hilo tawi, mzee wangu.

Nahama mwezi ujao, mche wangu nimwachie nani?

Njoo ofisini tufute jina lako tuandike la mpangaji mpya, akiwa hajapatikana tunaandika jirani, lakini mpaka yeye mwenyewe akubali. Na dumu la njano lenye alama ya kamati libaki. Kuna mtu alihama nalo mwezi wa saba, tunasikia liko Kasulu linabebea mawese.